Mfungua Njia wa Kilima Ninga

Mpapindini, Ngezi, Pemba
2 Juni 1959

Mwanangu Mwanawema,

Marahaba. Naitanguliza mie mwenyewe, maana najua shikamoo yako iko njiani. Sie huku wazima. Mama yako mzima, kuku wazima, na mguu wangu mzima kuwashinda kuku.

Hija bin Matano karudi kutoka Unguja juzi na maneno yaliyonikera. Anasema umemwambia unataka kuacha chuo cha ualimu urudi Pemba kunitazama. Unitazame nini, mimi sinema? Sinema ziko hukohuko Unguja, nenda ukatazame za watu. Ulipochaguliwa kuingia chuo hicho nilichinja mbuzi, mji mzima ukala, na huyo Hija akala kupita mbuzi mwenyewe alivyokula majani maisha yake yote. Leo niwaambie nini, wamtapike?

Ni kweli nilianguka mkarafuuni mwezi wa Rajabu nikavunjika mguu. Yamepita hayo. Daktari wa Wete kanifungua plasta, mfupa umeunga, na tangu masika yakatike niko msituni kila asubuhi na panga langu, nasafisha njia ya Kilima Ninga kama alivyosafisha baba yangu na babu yangu. Jana nimefika juu kabisa. Mbingu ilikuwa safi, nikaiona milima ya Usambara kule bara, ya buluu, imejipanga upande wa magharibi. Nikakaa, nikala muhogo wangu wa kuchoma, nikashuka. Pumzi haikunipanda hata kidogo.

Siku ya Mwaka, mwezi ujao, nitaifungua njia kama kawaida. Wewe soma.

Mimi baba yako,
Bakar bin Nyange

*

Mpapindini
3 Juni 1959

Binti yangu Mwanawema,

Barua ya baba yako najua ina nini, maana alinisomea kwa sauti huku akijichekea. Usiamini hata neno moja, ila hilo la mbuzi.

Baba yako hajatoka nje ya uwa tangu alipotolewa plasta. Anaamka, anasali akiwa kitako juu ya kiti, anahamia kitandani, anatoka kitandani anahamia upenuni, basi, safari imekwisha. Daktari alimwambia mbele yangu, "Mzee Bakar, mguu umepona, sasa tembea." Tulipofika nyumbani akaniambia daktari huyo bado mtoto. Lakini mie nimelala naye miaka ishirini na mbili, namjua. Mguu umepona, moyo ndio bado. Juzi nimemkuta kasimama mlangoni kaushika mwimo kwa mikono miwili, anautazama msitu, jasho linamtoka. Aliponiona akasema anatazama mvua.

Na wewe unajua desturi yetu ilivyo. Masika yakipita, mtu wa ukoo wa baba yako peke yake ndiye huingia njia ya Kilima Ninga, akaisafisha kidogo kidogo, na asiyekuwa yeye havuki mti ule wa mtondoo ulio mwanzo wa msitu. Ikifika siku ya Mwaka awe keshatia mguu juu kileleni, ndipo wanaume wote wapande wakaombe dua, na sie tupate kuingia kwa kuni na kamba na dawa. Asipofika, msitu unakaa umefungwa mwaka mzima. Na kaka hana, na mtoto wa kiume hana. Mwaka ni mwezi ujao, na watu wanaliona panga lake limeshika kutu ukutani.

Hakuna wa kumwambia kitu. Mwiko ni mwiko: mfungua njia hasemeshwi habari ya njia mpaka aifungue. Ukimwuliza umeifunga. Basi wanakuja, wanakaa, wanamuuliza habari za kuku! Mzee Vuai juzi kauliza habari za kuku mpaka kuku wenyewe wakaona haya. Baba yako anawajibu, wanaondoka, anageukia ukutani.

Mwanangu, mie naogopa. Mtu akikaa hivi mwaka mzima hainuki tena. Lakini usije. Ukija ataona kwamba kweli kawa mgonjwa wa kutazamwa, na hapo ndio basi.

Mama yako,
Mwatima binti Masika

*

Unguja
9 Juni 1959

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nimeshafunga sanduku. Nimelifungua, nimelia, nimekula, halafu nimefikiri, kwa mpango huo huo.

Mama, hebu nisikilize. Mwiko unasema mfungua njia asisemeshwe. Asisemeshwe, ndiyo, kwa mdomo. Wazee walioweka mwiko huu walikuwa hawaandikiani barua. Nimemuuliza hata Bi Mwanabaraka anayetusomesha dini, bila ya kumtajia jina la mtu, kama kuandika ni kusema. Akaniambia inategemea nani anauliza na anataka nini. Nimelichukua hilo kuwa ni ruhusa.

Kwa hivyo mimi nitamuamini baba. Nitayaamini yote, hata huo muhogo wa kuchoma. Na kwa kuwa yeye yuko msituni kila siku, nitamuomba vitu vya msituni. Kama muongo atakwama, na kwa haya alizonazo baba yangu, hatokubali kukwama.

Barua ya kumwandikia yeye naipeleka posta pamoja na hii. Wewe usijue lolote. Ukimuona anatafuta viatu, geuka utazame upande mwengine.

Mwanao,
Mwanawema

*

Unguja
9 Juni 1959

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusikia umepanda Kilima Ninga! Nimewasomea wenzangu wote bwenini. Yuko mmoja wa Makunduchi kasema Pemba hakuna mlima, huo ni kichuguu kilichovimba. Nimemwambia aje akipande halafu ahadithie, kama pumzi atakuwa nayo.

Sasa baba, nina shida. Mwalimu wetu wa elimu ya mimea anataka kila mwanafunzi alete majani ya kwao, yaliyokaushwa ndani ya gazeti, na jina la kila mti. Mwenye majani mengi ya msitu wa kweli atapata alama za juu. Wenzangu wataleta miembe na mipera. Mimi nina baba anayeingia Ngezi kila asubuhi!

Naomba uniletee jani la mpapindi. Ni ndugu wa mnazi, na haumei popote ulimwenguni ila kwetu Pemba, mwalimu mwenyewe kasema, na wewe kila siku unapita katikati ya ile mipapindi nusu ya njia. Jani moja tu. Siachi chuo, ila naomba jani.

Mwanao mtiifu,
Mwanawema binti Bakar

*

Mpapindini
16 Juni 1959

Mwanangu,

Jani hilo humo ndani. Nilipita pale asubuhi, nikaruka nikalikata, nikateremka. Jepesi kabisa. Mwambie na huyo wa Makunduchi.

Kama limekauka ni kwa sababu ya jua la huku. Mwaka huu jua ni kali.

Baba yako,
Bakar bin Nyange

*

Unguja
23 Juni 1959

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Jani limefika na nakushukuru. Mwalimu kalitazama kwa ile lenzi yake, akaligeuza, akaniuliza kwa nini jani la mpapindi lina rangi ya zambarau upande mmoja na matundu madogo madogo pembeni. Wenzangu wamecheka, wa Makunduchi kacheka mpaka kakaa chini. Wanasema huo ni ukili, umechomolewa kwenye mkeka wa mtu.

Nimewaambia hasha, baba yangu hawezi kuniletea mkeka wa mama. Lazima ni ugonjwa wa miti.

Mwalimu kanipa nafasi nyengine. Sasa, pengine mpapindi una kazi, tuuache kwanza. Niletee ua la ule mtondoo wa mwanzo wa msitu, bichi, na kijiti chake. Hapo ni karibu sana, wewe utakuwa unapita tu ukienda juu. Nami nimekwishawaambia bwenini kwamba wiki ijayo watauona mtondoo wa baba yangu.

Mwanao,
Mwanawema

*

Mpapindini
30 Juni 1959

Binti yangu,

Ukijua umefanya nini wewe!

Barua yako ilipofika akaisoma kimya, haikusomwa kwa sauti hata kidogo. Akaukunjua mkeka wangu wa sala, akalitazama lile pengo la ukili aliouchomoa, akaukunja tena polepole. Mie niko jikoni nimejitia kuchambua mchele. Nilikuwa nimeung'ata mkono nisicheke, maana ile siku mkeka ulipopungua niliambiwa ni panya.

Asubuhi ya pili yake, baada ya sala ya alfajiri, nasikia mlango. Natazama kwenye upenyo wa uwa. Baba yako huyo, kashika bakora, kajitia shuka ya kujifunika, anakwenda kwa ukuta. Kutoka ukuta akashika mgomba. Kutoka mgomba akasimama sana, nikadhani anarudi. Akaenda! Akaushika mwengine. Migomba yote ya jirani yetu Shaame kaipa mkono kama mtu aliyerudi Makka. Mpaka kufika mtondoo jua lilikuwa limeshapanda, na watu wote wa mji wamemuona, na watu wote wametazama upande mwengine. Mzee Vuai alijifanya anafunga kamba ya mbuzi wake. Mbuzi hana kamba.

Alirudi na maua ndani ya kikoi, kapauka uso, akaniambia alikwenda kutazama kuku mmoja aliyepotea. Nikamuuliza, "Umempata?" Akasema, "Nimempata." Nikamkanda mguu kwa mafuta ya nazi na hakukataa.

Tangu siku hiyo anatoka kila alfajiri. Kuku wote wa mji huu wamepotea, mwanangu. Jana alirudi na tope mpaka kifuani, kaanguka mahala, akanigombeza mie kwa kuwa chai ina moto. Nimemwachia agombe. Panga kalinoa.

Mama yako,
Mwatima

*

Mpapindini
5 Julai 1959

Mwanangu Mwanawema,

Humo ndani ua la mtondoo, na hili jani la mpapindi. Mtazamishe mwalimu wako na lenzi yake. Kikonyo chake hiki hapa, na utomvu bado unanata kwenye gazeti. Akiona zambarau tena, akaoneshe macho yake.

Na n'kupe habari za msituni mwaka huu, maana si kama mwaka jana. Baada ya mtondoo njia imelala kabisa, vichaka vya mkwamba vimekutana juu na chini. Nimeikata kwa panga mpaka kijitoni. Kwenye kijito lile gogo la kuvukia limeota ukungu, na mtu mmoja ninayemjua alivuka kwa kukalia gogo kama mtoto anayepanda punda, akasukuma matako mpaka ng'ambo, na alifurahi hakuna aliyemuona isipokuwa kima. Kima walikaa juu wakatazama mpaka mwisho. Ng'ambo ya kijito popo wamerudi kwenye ule mvule mkubwa, mti mzima umening'inia popo, wanajipepea kwa mbawa na wanagombana. Nilikaa chini yake nusu ya asubuhi. Nilisahau kabisa kunavyonukia msituni baada ya masika, majani yanayooza na maua kwa pamoja. Ndege ninga wako wengi. Nimemuona na paa mmoja mdogo, tukatazamana, akaondoka zake bila ya haraka.

Mwanangu, mtu akiwa na miguu miwili mizima hajui kama ardhi ina mashimo mengi kiasi hiki. Nakwambia tu.

Baada ya mipapindi ndio mlima wenyewe unaanza. Pale njia zinagawika, ile fupi ya mawe na ile ndefu ya kuzunguka. Sijaamua.

Baba yako,
Bakar bin Nyange

*

Unguja
12 Julai 1959

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Jani limepita! Mwalimu kalibandika ukutani, na wa Makunduchi kakaa kimya siku nzima. Barua yako nimeisoma peke yangu, sikuwasomea. Niliisoma mara nyingi.

Limebaki moja, na hili ndilo la mwisho. Mwalimu anataka mmea wa kileleni, kwa sababu anasema mimea ya juu ni tofauti na ya chini. Wewe uliwahi kuniambia kwamba juu ya Kilima Ninga kunaota kivumbasi baina ya mawe, na kinanukia kuliko cha uwani. Niletee kitawi kimoja. Pita ile njia ndefu, baba. Mwalimu hana haraka.

Mwanao,
Mwanawema

*

Unguja
12 Julai 1959

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeomba kivumbasi cha juu. Baada ya kuitia barua posta nimekaa roho haitulii. Kufika kwenye mipapindi ni kutembea, kupanda mlima ni kupanda, na kule hakuna mtu atakayeweza kumfuata. Akianguka peke yake mama, itakuwa nimemuangusha mimi kwa majani yangu ya uongo. Maana mwalimu wetu hakusanyi mmea hata mmoja. Anatusomesha hesabu.

Kama unaona nimepita mpaka, mzuie. Ichome hiyo barua kabla hajaiona.

Mwanao,
Mwanawema

*

Mpapindini
24 Julai 1959

Mwanawema binti Bakar,

Marahaba siitoi mpaka nimalize kusema.

Kwa hivyo mwalimu wako anasomesha hesabu! Jani langu la mpapindi limebandikwa ukuta gani, basi? Na huyo wa Makunduchi, yuko duniani au na yeye umemtengeneza? Mmenichezea, wewe na mama yako, kama mtoto anayekatazwa kunyonya! Mtu mzima nimevuka gogo kwa matako mbele ya kima kwa sababu ya alama zako za darasani!

Sikiliza yaliyotokea, na usimuulize mama yako, yeye atacheka katikati.

Juzi, siku moja kabla ya Mwaka, niliondoka baada ya alfajiri. Nikavuka kijito kwa miguu, kwa miguu nakwambia, nikafika kwenye mipapindi, nikashika njia ndefu. Nilikwenda vizuri. Karibu na juu kabisa, pale inapozunguka jabali na ukiinama unaona chini kote, nikatazama chini. Kosa langu ndilo hilo. Nikauona mkarafuu. Mkarafuu haupo pale, mwanangu, lakini mie nikauona, na tawi nikalisikia likivunjika. Mguu ukakaza, sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nikakaa nimelikumbatia jabali, nikasoma kila sura niliyoijua. Adhuhuri ikapita. Kupiga kelele sikuweza, nitaita nani na msitu umefungwa? Nikajiambia, Bakar, hapa ndipo utakapokutwa ukiwa mifupa, na Hija ataila hitima yako.

Huku chini, kumbe, ilipofika alasiri mama yako kaenda mpaka mtondoo. Wanaume wote wako pale wamesimama, wanatazama njia. Kawaambia waingie wanitafute. Shaame kasema haiwezekani, njia haijafunguliwa, atakayevuka mtondoo atajiletea balaa yeye na mji mzima. Mzee Vuai kasema tungoje magharibi. Mama yako kawauliza, "Magharibi atakuwa ameota mbawa?" Akavua viatu, akajifunga kanga yake kiunoni, akavuka mtondoo mbele ya wote.

Njia ndefu haijui. Kafuata ile fupi ya mawe, ambayo sikuikata mwaka huu, katikati ya miba, kwa mikono na miguu. Mie niko upande huu wa jabali, yeye kapita upande ule, hatukuonana. Mara nikasikia sauti kutoka juu ya kichwa changu, juu kabisa, kileleni, "Bakaaaar!" Wallahi nilidhani ni malaika, ila malaika asingelifuatiliza na yale matusi. Nikaitika. Akasema, "Panda!" Nikasema siwezi. Akasema, "Mie mwanamke nimeweza na sijapata kufika hapa maisha yangu, wewe unashindwa na mlima wa baba yako? Usitazame chini, tazama huku niliko." Nikatazama kule aliko. Nikapanda.

Hapo juu ndipo alipobabaika kwa furaha akayamwaga yote, majani, barua, hesabu. Nilikasirika mno. Nilitaka kuondoka peke yangu kwa hasira, lakini kuondoka kwenyewe kulihitaji bega lake.

Tuliporudi ikawa baraza kubwa nje ya msikiti. Shaame kasema njia haikufunguliwa, maana aliyefika mwanzo si mtu wa ukoo na tena mwanamke, basi mwaka huu msitu ufungwe. Wengine wakaitikia. Nilisimama, na mguu huu huu, nikawauliza desturi inasema nini. Mzee Vuai akasema inasema aliyetia mguu kileleni kwanza baada ya masika ndiye mfungua njia. Nikauliza, ilisema mwanamume? Akafikiri. Akasema haikusema, ila hakuna aliyewahi kumwambia mwanamke apande. Nikasema, basi Mwatima hakungoja kuambiwa, na mke wangu wa miaka ishirini na mbili ni mtu wa ukoo. Njia kaifungua yeye, mie wa pili, na asiyetaka kupita njia iliyofunguliwa na mke wangu akatafute kuni zake baharini.

Jana siku ya Mwaka walipanda wote. Shaame pia alipanda, ana mke anayehitaji kuni.

Bado nina hasira na wewe. Kivumbasi hicho humo ndani.

Marahaba.
Baba yako,
Bakar bin Nyange, wa pili

*

Unguja
30 Julai 1959

Baba yangu, mama yangu,

Shikamooni. Barua hii ni yenu nyote, msomeane.

Baba, nisamehe kwa uongo wa mwalimu. Wa Makunduchi yuko, jina lake Mize, na kasema likizo anakuja kukipanda hicho kichuguu. Kwa majani siombi msamaha, maana nayapenda, yote matatu nimeyabandika mwenyewe juu ya kitanda changu, na ule ukili wa mkeka nao.

Siachi chuo. Mwezi wa Disemba nafanya mtihani, nikifaulu nitasomesha, na nitaomba nipangiwe Pemba.

Mama, wewe hujaniandikia neno. Baba kanieleza miba na matusi, lakini wewe ndiye uliyekuwa juu peke yako kabla yake. Uliona nini? Uliiona Usambara?

Mwanenu,
Mwanawema

*

Mpapindini
5 Agosti 1959

Binti yangu,

Sikukuandikia kwa sababu mikono yangu ilikuwa imechanika na miba, sasa imepoa. Na nilikuwa na kazi. Mfungua njia ana kazi nyingi, hawakuniambia. Kila mwenye kukata kamba anakuja kuniuliza akate wapi, na mie sijui, basi nawaambia popote kwa sauti nzito na wanaondoka wameridhika.

Usambara sikuiona. Baba yako maisha yake yote akirudi kutoka juu ananihadithia bara, milima ya buluu, Tanga iko pale, meli zinapita pale. Mie kwenye kichwa changu nilijua mtu hupanda Kilima Ninga kutazama mbali. Siku ile kulikuwa na ukungu upande wa bara, hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimeshaita mpaka koo limekauka, sijajibiwa bado, nikajua nimeshakuwa mjane, nikageuka upande huu wa kwetu.

Nikaiona nyumba yetu. Iko pale chini, ndogo, ukiinyoshea kidole kinaifunika. Paa la makuti, uwa wangu, ile kanga ya buluu niliyoianika asubuhi bado iko kambani. Kuku wanatembea uwani. Na upenu ule aliokaa miezi yote nikauona, kiti chake kitupu. Miaka ishirini na mbili nimefagia uwa huo, sikujua kama unaonekana kutoka juu. Ndipo nilipomwita kwa nguvu zile alizozisikia.

Alipofika juu akanikuta nalia. Baada ya hasira zake kumwisha, akaniuliza natazama wapi. Nikamuonesha. Akaniambia, "Mie kila mwaka nikifika hapa natazama hapo kwanza. Bara naitazama baadaye, nipate la kuhadithia." Nikamuuliza kwa nini hajaniambia siku zote hizo. Akasema ataanzia wapi mtu mzima kusema maneno kama hayo.

Basi tulikaa. Jua lilikuwa linakwenda, tukajua tutashuka gizani na mguu wake, na hakuna aliyeinuka kwanza.

Sasa Ijumaa tunapanda tena, mie na yeye, kwa njia ndefu. Anataka kunionesha Usambara. Nimemwambia sina haraka nayo.

Mama yako,
Mwatima binti Masika